Simu Yatima

Hospitali yetu ilikuwa na simu mia tatu na arobaini za ndani, na mtu mmoja wa kuziunganisha. Mtu huyo alikuwa dada yangu. Alikaa katika chumba kidogo kando ya mapokezi, mbele ya mtambo wenye taa nyekundu, kichwani amevaa vipokea sauti ambavyo sponji ya upande mmoja ilishaoza akaishonea kitambaa cha shuka kuukuu. Kwa miaka thelathini na moja aliijibu nambari sifuri kwa neno moja tu: "Sema." Wafanyakazi wengi hawakulijua jina lake. Walimwita Dada Sifuri, na mgeni aliposhtuka kusikia mtu mzima akiitwa hivyo, yeye ndiye aliyemtuliza: "Usinionee huruma. Bila mimi mia ni moja."

Mimi nilikuwa ofisa takwimu wa hospitali hiyohiyo. Ofisi yangu ilikuwa chini kabisa ya jengo kuu, chumba kisicho na dirisha, kati ya stoo ya majalada na bomba la maji ya moto. Kuta zake za zege zilikuwa nene kiasi kwamba simu ya mkononi ilipoteza mtandao ulipofika ngazi ya sita. Nilihamishiwa huko kutoka jengo la zamani karibu na geti, na sikulalamika. Anayeshinda na majedwali ya vifo hahitaji mandhari.

Kila siku ya kazi, saa nne na dakika kumi, simu yangu ya mezani ililia, dada upande wa pili.

"Umekunywa chai?"

"Nimekunywa."

"Mwongo wewe. Nimempigia mama wa kantini, hajakutia machoni."

"Basi nitakunywa."

"Kunywa sasa hivi, profesa, halafu urudi kwa marehemu wako."

Mazungumzo hayo hayakuzidi sekunde arobaini. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka tisa na dada ishirini na mbili. Dada aliacha chuo cha ualimu akaja kuomba kazi ya simu, kwa kuwa zamu ya alfajiri ingemwezesha kuwa nyumbani nitakapotoka shule. Sikuwahi kumsikia akikiita kitendo hicho kujitolea. Akilazimika kukitaja alisema tu "mwaka ule," kama mtu anayezungumzia mvua iliyozidi.

Kisha mkurugenzi wetu alikwenda semina, akarudi na neno moja: mitandao. Aliniita ofisini kwake, akanionyesha chati kubwa ya uongozi iliyotundikwa ukutani, visanduku juu ya visanduku.

"Bwana Takwimu, nataka kujua nani anazungumza na nani katika hospitali hii. Kwa kweli, si kwa chati. Chati ile ni uongo tulioutia fremu."

Nakiri kwamba ilikuwa kauli yenye akili kuliko zote alizotoa mwaka huo.

Sina imani na maarifa yanayosafiri kwa semina, lakini elimu ya mitandao ilinishinda nguvu. Wazo lake ni dogo kiasi cha kuudhi: usiulize kitu kikoje, uliza kimeungana na nini. Kila simu unaichora kama nukta, kila mazungumzo kama uzi, halafu unaiachia kompyuta izivute karibu zile nukta zinazozungumza sana na kuzisukuma mbali zisizojuana. Usiifundishe chochote kuhusu udaktari. Mtambo wa simu ulikuwa unatunza kumbukumbu zote: nani kampigia nani, saa ngapi, kwa sekunde ngapi. Nilichukua miezi mitatu, mistari elfu arobaini na moja.

Yaliyojitokeza hayakuwa kwenye chati yoyote. Chumba cha maiti na dobi walikuwa kama mapacha, kwa sababu ya shuka. Wodi ya wazazi haikuwa na udugu na wodi nyingine yoyote. Ndugu yake wa karibu alikuwa karakana, kwa kuwa mashine za kuwatia joto watoto njiti ziliharibika kila wiki, na mafundi wawili walizifahamu kwa sauti. Jiko na idara ya mionzi, ambazo kwa akili ya kawaida hazina la kuambizana, zilizungumza mara saba kwa siku: zilitegemea lifti moja na kila upande ulimshtaki mwenzake kwa kuishikilia. Hakuna aliyepanga hayo. Hakuna hata aliyeyajua, ila kila mmoja alijua kipande chake. Niliitazama ramani ile nikahisi kitu ambacho kwa watu wengine huenda ni furaha.

Kulikuwa na tatizo moja, nalo lilikuwa sifuri. Katika mchoro wa kwanza sikuona lolote, kwa sababu kila nukta ilikuwa imefungwa kwake. Watu hawakariri nambari. Walipiga sifuri wakasema wanamtaka nani. Mchoro wote ulikuwa fundo moja katikati na miiba pande zote. Dawa yake inajulikana kwa yeyote mwenye fani hii. Kama wodi imepiga sifuri, na sifuri akapiga maabara katika nusu dakika inayofuata, unaunganisha mistari miwili kuwa mmoja, wodi kwa maabara, kisha sifuri unamfuta. Yeye ni njia, si mzungumzaji.

Baada ya kufuta zilibaki simu elfu tatu mia tisa na kumi na mbili zisizo na mwanzo. Zilitoka kwa sifuri kwenda mahali fulani, lakini hakuna aliyekuwa amempigia sifuri kuziomba. Katika kazi yetu huitwa simu yatima. Nilikisia kwamba ni majaribio ya laini, au umbea. Nikazitupa.

Nilimpelekea dada ramani mwenyewe, imechapwa kwa rangi. Aliiweka juu ya magoti, sikio moja likiwa kazini.

"Sema... Subiri nikuunganishe... Hiki nini, mdogo wangu? Utando wa buibui?"

"Ni hospitali. Kila nukta ni simu."

"Wazazi ndio hawa? Na karakana hapa. Haya, hilo ni kweli, hata mimi ningekuambia bure. Dobi na maiti, kweli." Kidole chake kilitembea juu ya karatasi kama cha mtu anayetafuta nyumba yake kwenye picha iliyopigwa kutoka angani. "Mimi niko wapi?"

"Wewe umeondolewa."

"Nimeondolewa?"

"Kitaalamu. Mtu wa simu hahesabiwi kama mzungumzaji. Anaficha sura ya mtandao."

Aliangua kicheko mpaka taa mbili zikasubiri. "Miaka thelathini na moja naongea mpaka koo limeota sugu, leo mtoto niliyemfunga kamba za viatu ananiambia mimi si mzungumzaji! Sema... Hapana, si wewe, baba, nacheka na mtu hapa. Sema."

Mkurugenzi hakucheka. Aliipitia ripoti ukurasa kwa ukurasa, jambo ambalo sikulitarajia, akasimama kwenye aya niliyoeleza namna sifuri alivyoondolewa.

"Kumbe mtu wa simu anaweza kuondolewa na ramani ikabaki nzima."

"Kwenye hesabu, ndiyo."

"Basi anaweza kuondolewa."

Nilimwambia kwamba kitaalamu mambo hayo mawili si sawa. Nililisema mara moja, kwa sauti ya mtu anayerekebisha tarehe kwenye barua. Aliandika kitu pembeni. Baada ya wiki mbili uamuzi ulikuwa umetoka: mashine ya kujibu ingechukua nafasi ya chumba kile, na dada angepelekwa kugawa namba za foleni kwenye kliniki ya macho.

Alishuka ofisini kwangu siku hiyo. Ilikuwa mara ya pili tu kufika, kwa sababu magoti yake hayakupatana na ngazi. Aliketi juu ya boksi la karatasi akahema.

"Imebaki mwaka na miezi minane nistaafu. Waambie wasubiri."

"Siwezi kuandika kwenye ripoti kwamba wewe ni dada yangu."

"Nani kakuambia uandike hivyo? Andika ninachofanya."

"Unachofanya hakimo kwenye data, dada."

"Basi data yako ina tundu." Alijipepea kwa jalada la marehemu fulani. "Sikiliza. Mwezi uliopita wodi tatu zimenipigia ndani ya robo saa. Mmoja anamtaka fundi, friji ya dawa imezima. Mwingine anamtaka daktari wa zamu, mgonjwa anahema vibaya. Wa tatu ananiuliza kama lifti ni mbovu. Hawajuani hao. Nimekaa nikajiuliza, hawa wote waya wao si unapita ghorofa ya tatu? Nikampigia wa jenereta mwenyewe, kabla hajaombwa na mtu. Alikuta waya unafuka moshi. Kwenye utando wako hilo liko wapi?"

Nilimjibu kwamba kisa kimoja hakithibitishi kitu.

"Kimoja?" akasema. "Wewe hesabu. Si ndiyo kazi yako?"

Sikuhesabu. Hili ndilo ninaloulizwa na watu wachache wanaojua habari hii, nami hujibu hivyohivyo. Zile simu elfu tatu mia tisa na kumi na mbili zilikuwa bado kwenye kompyuta, katika faili niliyoipa jina "takataka," umbali wa kubonyeza mara mbili, na dada yangu ameketi mita moja kutoka hapo. Nilikuwa nimeshaamua ni nini. Aliponyanyuka alishika ukuta kwanza, kisha bega langu.

"Chai umekunywa?"

"Nitakunywa."

"Haya."

Fundi wa mashine alitaka orodha ya idara zitakazosomwa na sauti iliyorekodiwa. Orodha haiwezi kuwa ndefu, alisema, mtu akisikiliza zaidi ya dakika anakata. Nikapewa kazi ya kuweka kizingiti. Niliweka simu kumi kwa wiki: idara inayopigiwa chini ya hapo haisomwi, wala haichapwi kwenye karatasi ya nambari mpya itakayobandikwa kila wodi. Niliendesha hesabu juu ya ramani iliyosafishwa. Ofisi ya Takwimu ilipata simu nne kwa wiki. Ikaanguka. Niliiona, nikatia sahihi, na nakumbuka kwamba nilijihesabu mwadilifu kwa kutojipendelea.

Mashine ilifungwa mwanzoni mwa mwezi. Ilikuwa kisanduku cha kijivu, ukubwa wa mkoba wa mwalimu, na walikitundika ukutani palepale kiti cha dada kilipokuwa. Nambari za ndani zote zikawa mpya, za tarakimu nne. Saa nne na dakika kumi ya siku iliyofuata simu yangu haikulia. Nilimaliza jedwali la vifo vya robo mwaka kabla ya saa sita, nikaona kwamba kimya kina faida zake.

Kliniki ya macho haikuwa na simu kwenye meza ya foleni. Dada alivumilia miezi mitano, akaomba kustaafu mapema kwa sababu ya afya. Hakunilaumu. Jumapili nilipomtembelea alinipa habari za watu wa hospitali ambazo mimi niliyekuwa humo sikuzijua: muuguzi gani kahama, daktari gani hasemeshani na mkewe. Nilimuuliza alizipataje. "Wananipigia," alisema, kama mtu anayeulizwa maji anayapata wapi ilhali bomba liko nje.

Katika mwezi wa saba tangu mashine ifungwe, moyo ulimchosha. Walimlaza wodi ya moyo, ghorofa ya tatu, ngazi tisini na mbili juu ya kiti changu. Nilimwona jioni baada ya kazi. Alikuwa ameegemea mito mitatu, midomo ina rangi ya majivu, na bado ana la kusema.

"Nilipiga simu jana kutoka nyumbani kuuliza kama kuna kitanda. Mashine yenu inaniuliza mimi ni mgonjwa, ndugu wa mgonjwa, au mwakilishi wa kampuni. Nikakaa nafikiri nibonyeze ngapi. Mimi ni nani humo, profesa?"

"Mgonjwa. Namba moja."

"Namba moja, mimi." Akafumba macho kidogo. "Kesho nitakupigia saa nne."

"Hakuna sifuri siku hizi."

"Wauguzi watanipigia, hawa wote wanangu. Wewe kaa karibu na simu."

Nilikaa karibu na simu. Sina mahali pengine pa kukaa. Saa nne na dakika kumi haikulia, nikadhani amelala, nikaona ni vizuri alale. Nilikusudia kupanda saa saba, wakati wa kuona wagonjwa, kama kanuni zinavyotaka.

Yaliyotokea juu nilisimuliwa na muuguzi mkuu wa wodi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye siku hiyo hakuwa nayo.

"Maumivu yalimshika saa nne kasoro. Daktari alikuja, dawa akapewa, tukaona ametulia. Saa nne na dakika kumi hivi akaniambia, mwanangu, nipigie mdogo wangu. Nikamwuliza nambari. Akasema, piga sifuri, mwambie unamtaka wa takwimu. Nikapiga. Mkono umezoea, kaka yangu, miaka yote hiyo tumepiga sifuri. Nikasikia ile sauti. Ikasoma, ikasoma, ikamaliza. Takwimu haimo. Nikatazama karatasi ya ukutani, haimo. Nikapiga simu yako ya mkononi, haipatikani. Nikamwambia, dada, hayupo kwenye orodha. Akasema, jaribu tena, yupo yule, hana pa kwenda."

"Ulijaribu mara ngapi?"

"Mara nne. Pumzi ilikuwa imemkata, sikuweza tena kumwuliza uko wapi, nikamtuma mhudumu akutafute kwa miguu. Akaenda jengo la zamani pale getini. Kila mtu hapa alijua kukupata kwa sifuri. Chumba chako hakuna anayekijua."

Mhudumu alinifikia saa tano kasoro dakika tano. Dada alikuwa amefariki dakika tano kabla. Sidai kwamba mashine ilimwua. Moyo wake ulikuwa umepanuka, na daktari alinionyesha picha, nami nasoma picha hizo vizuri. Dakika arobaini za kuwa pamoja naye ndizo zilizochukuliwa, na kizingiti kilichozichukua kina sahihi yangu chini.

"Alisema anataka kuniambia nini?" nilimwuliza muuguzi.

"Aliuliza kama umekunywa chai. Mimi nikamwambia ndiyo. Nisamehe, sikujua."

Baada ya maziko niliifungua ile faili ya takataka. Nilifanya kile alichoniambia nifanye.

Simu yatima hazikuwa majaribio ya laini. Nilipozipanga kwa saa na kuzilaza kando ya simu zilizotangulia, sura ilijitokeza kwa wepesi wa kutia aibu. Wodi inaomba damu na benki ya damu haipokei. Dakika mbili baadaye sifuri anapiga kantini, mara nyingine chumba cha mikutano, kumsaka mwenye zamu, kisha benki ya damu inaipigia wodi. Daktari wa watoto anaingia getini, saa yake imo kwenye daftari la mlinzi. Sifuri anapiga wodi ya watoto. Wodi mbili au tatu zinaulizia vitu tofauti ndani ya robo saa. Sifuri anapiga karakana, au jenereta, au mlinzi wa tangi la maji. Visa vya namna hii ya mwisho peke yake vilikuwa mia moja na themanini na saba katika miezi mitatu. Mia moja na themanini na saba ni takwimu. Nilichora ramani upya yeye akiwa ndani, na nyuzi zake peke yake, zile alizozianzisha bila kuombwa. Ilikuwa hospitali ya pili, iliyolala chini ya ile ya kwanza, nayo ilikuwa imeacha kufanya kazi miezi saba pasipo mtu kuweza kusema ni nini kilichokosekana. Watu walisema tu kwamba siku hizi mambo yamekuwa mazito.

Katika nyuzi hizo ulikuwamo mmoja uliokuja kwenye chumba changu. Siku sitini na tatu za kazi, simu sitini na tatu, zote kati ya saa nne na dakika tisa na saa nne na dakika kumi na mbili. Nilizihesabu mara mbili kwa sababu zilikuwa zimezidi mbili. Katika siku hizo mimi nilikuwa likizo siku mbili, na dada alilijua hilo. Ndiye aliyenisindikiza kituoni akiwa amenibebea mfuko. Hata hivyo siku hizo pia alipiga. Sekunde kumi na moja, sekunde kumi na nne, katika chumba kisicho na mtu. Nimejaribu maelezo kadhaa na hakuna ninayoweza kuyatetea.

Nilimpelekea mkurugenzi ripoti ya nyongeza. Aliisoma yote, na safari hii alivua miwani.

"Pole sana," alisema. "Sasa unapendekeza nini?"

Nilipendekeza chumba kirudishwe na awekwe mtu. Alieleza kwamba mtambo wa zamani ulishauzwa kama vyuma chakavu, na kwamba mtu wa kukaa pale angehitaji miaka thelathini na moja ndipo awe anajua alichokijua yule. Hoja hiyo ya pili sikuweza kuipinga. Kwa huruma aliagiza Takwimu iingizwe kwenye orodha ya mashine. Imo hadi leo, ya mwisho, namba tisa.

Simu yangu hulia mara nne kwa wiki, kama nilivyokuwa nimehesabu. Ikifika saa nne na dakika kumi ninaweka kalamu chini, ninapanda ngazi hadi kantini, na mama wa kantini ananitia machoni. Ninakunywa kikombe kizima. Kisha ninarudi kwa marehemu wangu, ambao tangu mwaka jana wameongezeka mmoja.